Sir John Vaughan wa Trawsgoed

Mto Ystwyth huteremka kutoka milima ya katikati ya Wales, ukaelekea magharibi na kumwaga maji yake baharini penye mji wa Aberystwyth. Yapata kilomita 13 kabla ya kufika pwani bonde lake hupanuka na malisho hunawiri, na hapo ndipo ilipo Trawsgoed, makao ya ukoo wa Vaughan. Mapokeo ya ukoo huo husema kwamba babu yao, Adda Fychan, aliingia pale mnamo mwaka 1200 kwa kumwoa binti aliyekuwa mrithi wa shamba. John Vaughan alizaliwa hapo Septemba 1603, miezi sita baada ya Malkia Elizabeth wa Kwanza kufariki. Mvua haina uchoyo katika bonde hilo, lakini udongo wa vilima vinavyolizunguka ni hafifu, na mali ya mtu ilihesabiwa kwa kondoo na ng'ombe kuliko kwa nafaka. Lugha ya sokoni, ya jikoni na ya zizini ilikuwa Kiwelshi. Lugha ya mahakama ilikuwa Kiingereza.

Hapo penye mahakama inafaa tukae kidogo, maana bila kuelewa sheria ilivyoingia Wales hatuwezi kumwelewa mtu huyu. Kwa karne nyingi Wawelshi walifuata sheria zilizopewa jina la Hywel Dda, mfalme wa karne ya 10. Sheria hizo ziligawa ardhi ya marehemu kwa wanawe wote, kwa hiyo shamba lililokuwa pana enzi za babu lilikuwa vipande vipande enzi za wajukuu. Mfalme Henry wa Nane alikata mkondo huo kwa sheria mbili, ya mwaka 1536 na ya mwaka 1543. Wales ikawekwa chini ya sheria ya Uingereza, mwana wa kwanza akawa mrithi wa shamba zima, wilaya zake zikapewa viti katika Bunge la Westminster, na ikaamriwa kwamba asiyetumia Kiingereza hatashika cheo chochote cha serikali. Mahakama mpya zikaundwa kuzunguka wilaya 12, zikisikiliza mashauri kwa lugha ambayo wakulima wengi hawakuielewa. Mkulima aliyeitwa kuamua kama jirani yake ni mwizi alisikiliza kesi kupitia kinywa cha mkalimani.

Matokeo yake yalikuwa makubwa. Ardhi ikaanza kulimbikizana mikononi mwa wachache, na hao wachache walikuwa wale waliojua Kiingereza na waliojua sheria. Mtu mmoja aliweza kuwa mwenye shamba, hakimu wa amani, msimamizi wa wilaya na mbunge, vyote kwa pamoja. Ndiyo maana makabaila wa Wales waliwapeleka vijana wao London, kwenye vyuo vya mawakili vilivyo kando ya mto Thames. Wengine hawakukusudia kabisa kufanya kazi ya uwakili. Walitaka kurudi nyumbani wakiwa wanaweza kusoma hati ya shamba na kujua penye nguvu na penye ufa.

Edward Vaughan, baba yake John, alimpa mwanawe elimu zaidi ya hiyo. John alisoma Worcester, mji wa Kiingereza mashariki ya mpaka, kisha Christ Church, Oxford, na mwaka 1621 akajiunga na Inner Temple, mojawapo ya vyuo hivyo vya mawakili. Wanasimulia kwamba mwanzoni moyo wake haukuwa kwenye sheria. Alipenda mashairi na hesabu. Aliyemgeuza alikuwa John Selden.

Selden alikuwa amemzidi Vaughan kwa miaka 19. Alikuwa mtoto wa mkulima mdogo wa Sussex, na hata hivyo hapakuwa na mwanazuoni wa sheria aliyemfikia katika Uingereza ya siku zile. Alisoma Kiebrania, Kiarabu na Kigiriki, na alipoulizwa swali la sheria hakujibu kwa kusema tu kwamba ndivyo inavyofanyika. Alirudi nyuma kwenye kumbukumbu za karne zilizopita, akaonyesha jambo lilianza lini, kwa sababu gani, na nani alilibadilisha. Katika chumba chake walikutana watu wa vipaji vingi, akiwemo mshairi Ben Jonson na kijana mmoja aliyeitwa Edward Hyde, ambaye baadaye tutamkuta tena akiwa na jina la Clarendon. Vaughan aliingia katika duara hilo na hakutoka tena. Naamini kila kitu cha maana alichofanya baadaye kina alama ya Selden: tabia ya kuuliza neno linasimama juu ya nini kabla ya kulikubali.

Mwaka 1628, akiwa na umri wa miaka 24, alichaguliwa kuwa mbunge wa mji wa Cardigan. Lilikuwa Bunge lililomlazimisha Mfalme Charles wa Kwanza akubali kwamba hana ruhusa ya kutoza kodi bila ridhaa ya wabunge wala kumfunga mtu bila kutaja sababu. Mwaka uliofuata mfalme alilivunja, na Selden alikuwa miongoni mwa wabunge waliotiwa ndani. Sir John Eliot, aliyekuwa kinara wao, alifia katika Mnara wa London mwaka 1632. Kwa miaka 11 hapakuwa na Bunge. Kijana kutoka Trawsgoed aliyaona hayo kwa macho yake: rafiki na mwalimu wake akikamatwa kwa maneno aliyoyasema barazani.

Mwaka 1630 aliruhusiwa rasmi kufanya kazi ya uwakili, na kazi yake kubwa ilikuwa katika Mahakama ya Chumba cha Nyota. Mahakama hiyo iliendeshwa na washauri wa mfalme wenyewe, haikuwa na raia walioapishwa kuamua hatia, na ilifahamika kwa faini za kufilisi. Mojawapo ya kazi zake za zamani ilikuwa kuwaadhibu raia waliotoa uamuzi usioipendeza serikali. Bunge liliifuta mwaka 1641.

Uwakili ulimpa fedha, na fedha akazigeuza ardhi. Mwaka huo huo wa 1630 alinunua kutoka kwa Bwana wa Essex mashamba mengi yaliyokuwa zamani mali ya abasia ya Strata Florida. Abasia hiyo ya watawa Wasistersi, iliyoanzishwa mwaka 1164, ilikuwa moyo wa Kiwelshi kwa karne nne. Watawa wake walifuga makundi ya kondoo juu ya milima, wakanakili maandiko, na mapokeo husema mshairi mkuu wa Wales, Dafydd ap Gwilym, amezikwa hapo chini ya mti wa myuu. Henry wa Nane aliifunga mwaka 1539, mawe yake yakachukuliwa kujengea, na malisho yake yakapita mkono hadi mkono mpaka yakamfikia wakili huyu, ambaye mama yake mwenyewe alitoka katika ukoo wa Stedman waliokuwa wakikaa pale Strata Florida.

Ununuzi ule ndio uliougeuza ukoo wa Vaughan kutoka wenye shamba la kawaida kuwa mabwana wa wilaya. Serikali ya Uingereza ilipoorodhesha wamiliki wa ardhi miaka ya 1870, kizazi cha John Vaughan kilikuwa na zaidi ya ekari 40,000 katika Cardiganshire, na hapakuwa na mwingine katika wilaya hiyo aliyekuwa na nyingi kama hizo. Nalitaja hili mapema kwa makusudi. Mtu tunayemzungumzia hakuwa mtetezi wa wanyonge. Alikuwa mnunuzi wa mashamba, mtu wa hati na mipaka, na wapangaji waliolima ardhi ya makabaila wa namna yake waliendelea kuwa wanyonge kwa vizazi. Baada ya uchaguzi wa mwaka 1868, katika wilaya hiyo hiyo ya Cardiganshire, wako wapangaji waliofukuzwa mashambani kwa sababu walimpigia kura mgombea ambaye mwenye ardhi hakumtaka. Kura ya siri haikuja hadi mwaka 1872.

Vita vya mfalme na Bunge vilipozuka mwaka 1642, Vaughan alikuwa tena mbunge wa Cardigan. Hakupenda mfalme atawale bila sheria, na hakupenda Bunge litawale bila mfalme. Aliondoka London akarudi bondeni kwake. Septemba 1645 wabunge wenzake wakamwondolea kiti kwa kutohudhuria na kwa kushukiwa kuegemea upande wa mfalme. Mfalme akakatwa kichwa Januari 1649, Oliver Cromwell akashika hatamu, na katika miaka hiyo yote Vaughan alikataa kusimama mbele ya majaji wa serikali ambayo aliiona haina msingi wa kisheria. Alikuwa na miaka arobaini na kitu, umri ambao wakili huvuna. Aliuacha mfuko wake ukae mtupu. Bila shaka ardhi ndiyo iliyomwezesha, kwa maana mtu asiye na shamba angelazimika kurudi kazini. Hata hivyo wengi wenye mashamba walirudi.

Selden alifariki Novemba 1654, akamtaja Vaughan miongoni mwa wasimamizi wa mirathi yake, pamoja na Matthew Hale, mwanasheria mwingine ambaye jina lake halijafutika hadi leo. Wasimamizi hao ndio walioipatia maktaba ya Bodleian, Oxford, vitabu vya Selden vipatavyo 8,000.

Ufalme uliporudi mwaka 1660 chini ya Charles wa Pili, Vaughan alirudi pia, na kuanzia 1661 alikuwa mbunge wa wilaya nzima ya Cardiganshire. Sasa alikuwa mtu mzima wa miaka karibu 60, na sauti yake ilisikilizwa. Tarehe 28 Machi 1664 Samuel Pepys, karani wa jeshi la majini ambaye shajara yake inatupa London ya siku zile kama ilivyokuwa, aliandika kwamba Vaughan alizungumza kwa saa moja na nusu akipinga kufutwa kwa sheria iliyomtaka mfalme aitishe Bunge kila baada ya miaka mitatu. Pepys alisifu hoja zake na ufasaha wake, kisha akaongeza kwamba havikufua dafu. Sheria ikafutwa.

Sina budi kusema juu ya Clarendon, ingawa sura hii haimpendezeshi Vaughan. Edward Hyde, yule rafiki wa ujana katika chumba cha Selden, sasa alikuwa Bwana Clarendon na waziri mkubwa kuliko wote. Mwaka 1667, baada ya tauni, moto wa London na kushindwa vitani na Waholanzi, Bunge lilitafuta wa kumtwisha lawama likampata yeye. Vaughan alikuwa mstari wa mbele katika kumshtaki. Clarendon akakimbilia Ufaransa, na huko uhamishoni akaandika kumbukumbu zake. Anamkiri Vaughan kuwa mwenye elimu kubwa, lakini anamchora pia kama mtu wa kiburi asiyekuwa na heshima ya kutosha kwa taji. Tusisahau kwamba aliyeandika ni mtu aliyejeruhiwa. Hata hivyo neno lile la kiburi nadhani ni la kweli, na nadhani tena kwamba kiburi hicho hicho ndicho kilichokuja kuwafaa watu wengine.

Mei 1668 mfalme akamteua Vaughan kuwa Jaji Mkuu wa mahakama ya Westminster iliyoshughulikia madai baina ya raia, ya ardhi hasa, akampa na cheo cha Sir. Ilikuwa siasa: mwanasiasa msumbufu akipandishwa kitini hawezi tena kuongoza upinzani bungeni. Mfalme hakujua alichokuwa akikiandaa.

Jumapili ya tarehe 14 Agosti 1670, askari waliufunga mlango wa nyumba ya ibada ya Marafiki katika mtaa wa Gracechurch, London. Marafiki ni dhehebu lile lile ambalo wamishonari wake walikuja kupiga kambi Kaimosi, Magharibi mwa Kenya, mwaka 1902. Katika Uingereza ya Charles wa Pili waliwindwa, kwa sababu sheria ilipiga marufuku mikutano ya ibada nje ya kanisa la serikali. Mlango ulipofungwa, kijana wa miaka 25 aitwaye William Penn alianza kuhubiri pale pale barabarani, na watu mia tatu au nne wakakusanyika. Akakamatwa pamoja na William Mead, mfanyabiashara wa vitambaa, wakashtakiwa kwa mkusanyiko haramu wa kuvuruga amani.

Kesi ilisikilizwa Old Bailey mwanzoni mwa Septemba, mbele ya Meya wa London, Sir Samuel Starling, na hakimu wa jiji, John Howell. Maelezo tuliyo nayo yametoka zaidi upande wa washtakiwa, ambao waliyachapisha mara moja, kwa hiyo msomaji ayapokee kwa tahadhari. Mwenendo mzima wa shauri hata hivyo unathibitishwa na yaliyofuata. Washtakiwa waliingia bila kofia, wakaamriwa wavalishwe, kisha wakatozwa faini kwa kutozivua. Penn aliomba aonyeshwe sheria aliyoivunja. Howell alimjibu kwamba ni sheria ya mapokeo ya nchi, na Penn alipozidi kuuliza imeandikwa wapi, aliondolewa mbele na kufungiwa pembeni ambapo alisikia kwa taabu tu.

Kisha shauri likawekwa mikononi mwa juri. Kwa desturi ya Uingereza, raia 12 wa mahali pale huapishwa wasikilize ushahidi, kisha hao ndio husema kama mshtakiwa ana hatia au hana. Jaji hueleza sheria na kutoa adhabu. Wanane kati ya wale 12 walikubali kutia hatiani. Wanne walikataa, na aliyeonekana kuwaongoza aliitwa Edward Bushell. Wakarudishwa chumbani, wakatoka wote 12 na jibu moja: Penn ana hatia ya kusema katika mtaa wa Gracechurch. Hakimu akauliza kama hayo ndiyo yote. Ndiyo yote. Hawakutaja mkusanyiko haramu, hawakutaja vurugu, na kusema barabarani si kosa.

Meya na hakimu walipandwa na hasira. Waliwafungia usiku kucha bila chakula, bila maji, bila moto. Kesho yake, Jumapili, jibu lilikuwa lile lile, wakafungiwa tena. Meya alitishia kumkata Bushell pua. Penn aliwapazia sauti wasiitoe haki yao, nao wakamjibu kwamba hawataitoa kamwe. Jumatatu asubuhi walibadilisha jibu kweli, ila si kwa upande uliotarajiwa. Walisema Penn hana hatia, na Mead hana hatia. Walipoulizwa mmoja mmoja, kila mmoja alirudia hivyo hivyo, pamoja na wale wanane wa mwanzo.

Hakimu akamtoza kila mmoja faini ya maki 40, yaani zaidi kidogo ya pauni 26, fedha nyingi kwa mwenye duka, na kuamuru wakae gereza la Newgate mpaka walipe. Kwa hilo hakuwa wa kwanza. Mwaka 1554 juri lililomwachilia huru Sir Nicholas Throckmorton, aliyeshtakiwa kwa uhaini, lilitiwa gerezani na kutozwa faini nzito. Miaka mitatu tu kabla ya kesi ya Penn, Bunge lilikuwa limemwita Jaji Mkuu Kelyng limhoji kwa mtindo wake wa kuwatoza faini raia hao, na likaamua kwamba jambo hilo ni kinyume cha sheria. Azimio la Bunge lakini si hukumu ya mahakama, na Howell alilipuuza. Wengine wakalipa faini. Bushell na wenzake watatu walikataa. Wakaomba hati ya kuwataka walinzi wa gereza wawafikishe mbele ya mahakama na kueleza kwa nini wamefungwa, na hati hiyo ikatoka katika mahakama ya Sir John Vaughan.

Hukumu yake ya Novemba 1670 imesomwa na vizazi vya wanasheria, na bado mtu akiisoma anaisikia sauti ya mwanafunzi wa Selden. Haina jazba, wala haisemi lolote juu ya uhuru wa kuabudu. Vaughan alichukua maneno yaliyoandikwa na gereza kama sababu ya kifungo, akayachambua moja moja. Gereza lilisema watu hawa walimwachilia mshtakiwa kinyume cha ushahidi ulio wazi. Uwazi kwa nani? aliuliza kwa maana hiyo. Mahakama yake haikuelezwa ushahidi huo ulikuwa upi, wala haikuambiwa kwamba walikula rushwa. Watu wawili wenye akili timamu, hata majaji wawili, husoma kesi moja wakafikia mwisho tofauti, na hakuna anayesema mmoja wao ni mhalifu. Iweje basi raia aliyesikia ushahidi ule ule na kuuelewa vingine ahesabiwe mhalifu? Kiapo chake kinamtaka aseme anavyoamini yeye. Akisema anavyoamini jaji, ameapa uongo.

Gereza lilisema pia kwamba walikaidi maelekezo ya hakimu juu ya sheria. Hapa ndipo Vaughan alipochimba kwa kina. Sheria, alieleza, haiwezi kusema kitu mpaka ijulikane nini kilitendeka, na kinachojua nini kilitendeka ni juri peke yake. Jaji hawezi kuwaambia kwamba sheria inawaelekeza kumtia hatiani isipokuwa ameshaamua mwenyewe moyoni yale yaliyotendeka, na kama ameshaamua, hao 12 wameitwa kufanya nini? Watakuwa usumbufu na gharama isiyo na faida. Tena raia hao hutoka mahali pale penye tukio, huenda wanamfahamu shahidi kuwa mwongo, huenda wanajua jambo ambalo halikutamkwa mahakamani. Jaji ni mgeni.

Nikiifikiria hoja hii ya mwisho, naiona Cardiganshire ndani yake. Vaughan alitoka katika nchi ambayo majaji walifika mara mbili kwa mwaka kutoka mbali, wakisema lugha ya kigeni, wakawakuta watu wanaofahamiana kwa majina, kwa mashamba na kwa kondoo. Alijua vizuri kwamba mgeni mwenye joho anaweza kusikia kila neno na asielewe kilichotokea. Siwezi kuthibitisha kwamba aliwafikiria wakulima wa Ystwyth alipokuwa akiandika, lakini sioni kwamba Mwingereza wa London angeiweka hoja hiyo kwa uzito ule ule.

Bushell na wenzake wakaachiliwa. Kabaila aliyenunua ardhi ya abasia, mbunge aliyemsaliti rafiki wa ujana, ndiye aliyeamua kwamba muuza duka asiadhibiwe kwa kusema analoliamini. Sioni haja ya kumfanya mtakatifu ili kuikubali kazi hiyo. Uhuru aliousimamia ulitokana na kiburi cha mtu asiyetaka kuamriwa afikiri nini, na alikuwa na uadilifu wa kutosha kuona kwamba akijidai haki hiyo hawezi kumnyima Bushell.

Sheria ya Uingereza iliposafiri hadi Afrika Mashariki, haki hii haikushushwa bandarini pamoja na mizigo mingine. Katika koloni la Kenya, kuhukumiwa na juri ilikuwa haki ya Wazungu. Mwafrika alihukumiwa na jaji aliyeketi na wazee washauri, na maoni ya wazee hao hayakumfunga jaji. Kapenguria, kuanzia Desemba 1952, Jomo Kenyatta na wenzake watano walishtakiwa mbele ya hakimu mmoja, Ransley Thacker, bila hata raia mmoja wa kusema ana hatia au hana. Aprili 1953 wakahukumiwa kifungo cha miaka saba cha kazi ngumu. Hapo ndipo mtu anapoona kwa uchungu kwamba alichokiamua Vaughan hakikuwa pambo, kwa sababu watawala wenyewe walijua nguvu yake wakakiweka mbali na wale waliowatawala.

Katika miaka yake ya mwisho kitini Vaughan aliandika pia hoja ndefu juu ya nchi yake. Mahakama za Westminster zilikuwa zimezoea kutuma hati zao za kuwaita watu na kukamata mali hadi ndani ya Wales. Yeye, Jaji Mkuu wa mojawapo ya mahakama hizo, alirudi nyuma hadi enzi za kabla ya Uingereza kuiteka Wales, akapitia sheria moja baada ya nyingine, akaonyesha kwamba nguvu hiyo haikuwa na msingi waliodhani inao, kwa kuwa Wales ilipewa mahakama zake. Alikuwa akipunguza eneo la mamlaka yake mwenyewe.

Alifariki London tarehe 10 Desemba 1674, akazikwa katika kanisa la Temple, karibu na Selden. Mwanawe Edward alizikusanya hukumu zake akazichapisha mwaka 1677, na hapo ndipo wengi waliposoma kwa mara ya kwanza kwa nini Bushell alifunguliwa. Mwaka huo huo mmoja wa wale wanne, John Hammond, alishindwa katika kesi ya kumdai Howell fidia kwa kumfunga. Mahakama ilisema jaji hadaiwi kwa kosa alilolitenda kitini. Hammond hakupata hata senti.

Kipimo cha hukumu kilikuja miaka 14 baada ya Vaughan kuzikwa. Juni 1688 Mfalme James wa Pili aliwashtaki maaskofu saba kwa uchochezi, kwa sababu walimwandikia ombi la kukataa kusoma tangazo lake makanisani. Mmoja wao, William Lloyd, alikuwa askofu wa St Asaph, kaskazini mwa Wales. Aliyesimama kuwashtaki kwa niaba ya mfalme naye alikuwa Mwelshi, Sir William Williams, wakili, mwanasiasa na mwenye ardhi, aliyewahi kuwa Spika wa Bunge. Juri lilikesha usiku kucha kwa sababu ya mtu mmoja, Michael Arnold, mpishi wa bia wa jumba la mfalme, aliyeng'ang'ania kutia hatiani. Asubuhi ya tarehe 30 Juni naye akakubaliana na wenzake, na maaskofu wakaachiliwa huru. London ikalipuka kwa shangwe, na mfalme akapata habari hizo akiwa kambini Hounslow, katikati ya askari wake, nao pia walishangilia. Wale 12 wakavaa kofia zao wakaenda nyumbani kwao. Hakuna aliyetozwa faini.